Filamu ikitoka tupu, isome pembeni kabla ya kulaumu studio

Mhariri,

Siku hizi kumwona kijana wa Nairobi amening'iniza shingoni kamera ya babu yake si jambo la kushangaza. Wako Jumapili katika bustani ya Jeevanjee na uwanjani mbele ya jumba la mikutano la KICC, na Oktoba mijakaranda ikichanua huongezeka. Sisi tunaotengeneza kamera hizi na kusafisha filamu zake tunalifurahia jambo hilo sana. Kinachotusikitisha ni ugomvi unaofuata kwenye kaunta. Mteja anakabidhiwa filamu isiyo na picha hata moja, anamlaumu aliyeisafisha. Aliyeisafisha anailaumu kamera. Kamera inauzwa kwa bei ya kutupa, na kijana anarudia simu yake. Ugomvi huo una shahidi, na shahidi mwenyewe ni hiyo filamu aliyoishika mteja.

Inua filamu iliyosafishwa mbele ya dirisha na utazame pembeni, kwenye mstari wa matundu. Kiwandani, kila filamu huandikwa kwa mwanga jina lake pamoja na namba za picha, na maandishi hayo hayaonekani mpaka dawa iyatoe. Basi ikiwa katikati hakuna kitu lakini jina na namba zimetokea vizuri, dawa imefanya kazi yake na studio haina hatia. Ni mwanga ambao haukuifikia filamu ndani ya kamera. Ikiwa hata namba hazipo, kosa ni la dawa: imekufa, au dawa ya kukazia, ile inayofuata baadaye ili mwanga usiiathiri filamu tena, ilitangulia kuingia. Na ikiwa yote ni nyeusi tititi, hadi pembeni, filamu iliona jua, na mara nyingi ni kwa sababu mgongo wa kamera ulifunguliwa kabla filamu haijarudishwa ndani ya mkebe. Filamu ya rangi husomwa vivyo hivyo, ila sehemu yake tupu ina rangi ya chungwa badala ya kuwa angavu.

Katika hali hizo tatu, inayotufikia zaidi ni ya kwanza, na chanzo chake karibu kila mara ni ulimi wa filamu, yaani ncha yake ya mwanzo, kutoshikwa wakati wa kuitia. Tuchukue Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997 na ambayo wanafunzi wengi huanzia. Nyingine za aina yake hazitofautiani nayo sana. Simama kivulini. Vuta juu kitufe cha kushoto, kile chenye kishikio cha kukunja, mpaka mgongo ufunguke. Mkebe unaingia chumba cha kushoto, ncha yake iliyochomoza ikielekea chini. Shusha kitufe, kikikataa, kizungushe kidogo kipate mahali pake. Vuta ulimi hadi kwenye kibiringo cha kulia na uuchomeke katika mwanya wake.

Hapa ndipo haraka humponza mtu. Usifunge bado. Sogeza mara moja mkono wa filamu, ule wa juu kulia unaoivuta, piga shata (kilango kinachofunguka kuingiza mwanga), sogeza tena, huku unatazama: meno ya gurudumu yawe yameingia kwenye matundu ya juu na ya chini pia, na filamu iwe imetandazwa bila kuvimba katikati. Sasa funga mgongo. Kunjua kishikio cha kushoto na ukizungushe pole pole upande wa mshale mpaka kigome. Unaondoa ulegevu tu, kwa hiyo usikilazimishe. Kisha sogeza na upige mara mbili bure, macho yako yakiwa kwenye kitufe hicho hicho. Kila unaposogeza mkono wa kulia, kitufe cha kushoto lazima kizunguke kinyume cha mshale. Kikizunguka, filamu inatembea. Kikikaa kimya, fungua uanze upya. Utakuwa umepoteza sentimita chache tu za ulimi badala ya picha 36.

Kidirisha cha namba kisikudanganye. Kinahesabu mwendo wa mkono, hakijui kama ndani kuna filamu. Namba ikipita 38 na mkono bado ni mlaini, kuna uwezekano mkubwa kwamba hujapiga chochote. Hilo lina faraja yake: zungusha kishikio cha kurudishia, fungua, na kama ulimi uliteleza tangu mwanzo, filamu hiyo bado ni mpya na inaweza kutiwa tena.

Kinyume chake ni mkono kugoma kwenye 36. Hapo filamu imekwisha. Wapo wanaoulazimisha wakitafuta picha moja zaidi. Matundu yanachanika au filamu inang'oka kwenye mhimili wa mkebe, na kamera inabidi ifunguliwe ndani ya mfuko wa giza. Bonyeza kile kitufe kidogo chini ya kamera, kunjua kishikio, zungusha upande wa mshale. Utahisi uzito, kisha mvuto kidogo, kisha ulegevu wa ghafla. Ongeza mizunguko miwili ili ulimi umezwe kabisa na usije ukaitia filamu ile ile mara ya pili. Ndipo ufungue.

Lalamiko la pili kwa wingi ni nyuso. Picha zipo, lakini mtu amekuwa kivuli chenye meno. Ukiitazama negativu, yaani filamu iliyosafishwa, mahali pa uso ni angavu kama plastiki, hakuna kitu kilichoandikwa. Huo ni upungufu wa mwanga, na anayeusababisha ni yule anayeitii sindano ya mita, kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera, bila kuiuliza inatazama nini.

Mita ya kamera hizi imewekwa iamini kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni kijivu cha wastani, kitu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Mita ya K1000 hutazama fremu nzima na kuiwekea wastani. Bibi harusi akisimama katikati ya fremu na shela lake, sindano inapanda: mwanga umezidi, punguza. Ukipunguza, gauni linakuwa la kijivu na uso wa bibi harusi unazama. Mtu mweusi akisimama mbele ya anga jeupe la Julai, mambo ni yale yale, pengine zaidi. Suti nyeusi ikijaza fremu, sindano inadai mwanga wa ziada na suti inatoka kama imefuliwa kwa dawa ya kung'arisha.

Kuna historia inayouma upande wa rangi pia. Kwa miongo mingi maabara zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi zilizokuja kujulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Ngozi yetu haikuwa kwenye kipimo hicho. Filamu za leo zinapokea rangi za ngozi vizuri zaidi, lakini mita bado ni ile ile, nayo dawa yake unatembea nayo.

Ni kiganja chako. Viganja vya watu weusi na vya Wazungu havipishani sana kwa weupe, na kwa kawaida huwa hatua moja juu ya kile kijivu cha mita. Kiweke kiganja kwenye mwanga ule ule unaompiga mtu usoni, sogeza kamera karibu mpaka kiganja kijaze kitazamio (huhitaji kufokasi), zungusha tundu la lenzi au kasi ya shata mpaka sindano ikae katikati, kisha fungua hatua moja: kutoka 11 hadi 8, au kutoka 1/250 hadi 1/125. Sasa mwelekezee mtu wako na usiisikilize tena sindano hata ikilia namna gani. Ukipenda kupima mahali pengine, majani mabichi ya bustani na lami iliyochakaa huwa karibu na kijivu hicho, nayo hayahitaji marekebisho.

Hatua maana yake ni nini? Kwenye pete ya lenzi utasoma 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Namba hizo ni za kugawanyia, kama nusu na robo na thumuni, kwa hiyo 16 ni tundu dogo na 2 ni tundu kubwa. Kila ukisogea namba moja kuelekea 22, mwanga unapungua nusu. Gurudumu la kasi nalo ni hivyo: 1000, 500, 250, 125, 60, 30, kila moja ikimaanisha sehemu ya sekunde, na kila moja ikiingiza mwanga mara mbili ya iliyotangulia. Ukifunga tundu hatua moja na kupunguza kasi hatua moja, filamu inapata mwanga ule ule. Kinachobadilika ni sura ya picha. Tundu dogo linaonyesha vizuri cha mbele na cha nyuma. Kasi kubwa inaugandisha mkokoteni barabarani. Kwa lenzi ya milimita 50, usishuke chini ya 1/60 ukiwa umeishika kamera mkononi. Na kabla ya yote hayo, weka namba ya filamu, ile ya kwenye mkebe inayoeleza wepesi wake wa kupokea mwanga: kwenye K1000 unainua ukingo wa gurudumu la kasi na kuuzungusha mpaka 200 au 400 isomeke kwenye kidirisha. Aliyetumia filamu ya 400 wiki iliyopita na leo ametia ya 100 bila kubadilisha, ameipunja kila picha hatua mbili.

Tungependa mwanafunzi ajue pia kusoma mwanga bila mita, maana nyingi zimechoka. Nyingine zilitegemea betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haiuzwi tena. Ukitia ya alkali ya volti 1.5 sindano inasema uongo. Kanuni ya kale inatosha: jua kali lisilo na wingu, weka tundu la 16 na kasi iliyo karibu na namba ya filamu. Filamu ya 200, basi 16 kwa 1/250. Hiyo ndiyo Januari ya Nairobi saa nne asubuhi. Wingu jepesi likifunika jua na vivuli vikalainika, 11. Vivuli vikipotea, 8. Wingu zito la Julai lisilotoa jua tangu asubuhi, 5.6. Kivulini upande wa pili wa ghorofa, 4. Usiku, chini ya taa za maduka, filamu ya 400 anza na tundu la 2 kwa 1/30, na uegemee ukuta.

Mji huu uko kiasi cha digrii moja na robo tu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini: paji la uso linang'aa na macho yanakuwa mashimo, na hakuna tundu wala kasi itakayoponya hilo. Mtoe mtu juani umpeleke ukingoni mwa baraza, uso ukielekea nje. Jioni nako kuna haraka yake. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima na giza halikawii, kwa hiyo kipimo cha dakika tano zilizopita ni cha zamani. Pima upya kila mara.

Ukiwa na shaka, ongeza mwanga. Filamu ya negativu iliyozidishiwa hatua mbili bado inachapika vizuri, lakini kivuli kilichokosa mwanga hakikuandika chochote, na hakuna fundi anayeweza kuchapisha kisichokuwepo. Slaidi, filamu ambayo yenyewe ndiyo picha bila kuchapishwa, ndiyo isiyosamehe. Hiyo mwachie aliyekwisha zoea.

Dalili nyingine tutazipitia upesi. Picha ya flashi yenye ukanda wima uliowaka na upande mwingine giza: kasi ilikuwa juu ya 1/60, na mapazia ya shata hayakuwa yamefunguka yote kwa pamoja. Upande mmoja wa kila picha hafifu kuliko mwingine kwa 1/1000 tu: mapazia yamechoka, tumia 1/250 kushuka mpaka fundi ayaone. Miale ya chungwa ikiingia kutoka pembeni: sponji za kuzuia mwanga kwenye mgongo wa kamera zimeoza. Ziondoe kwa kijiti kilichotiwa spiriti na ubandike mpya, ila spiriti isiguse kioo wala pazia.

Anayenunua, iwe katika masoko ya Toi na Gikomba au kwa mtu aliyempata mtandaoni, afungue mgongo kwanza. Bila filamu ndani, toa lenzi, elekeza kamera kwenye anga na upige 1/1000 ukitazama kutokea nyuma: unapaswa kuona mstatili mzima ukimetameta kwa usawa. Piga sekunde moja na uhesabu. Ikikwama katikati, mafuta yamekauka. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni ukungu wa kioo, unaopenda kamera zilizokaa penye unyevu kama vile Pwani. Fungua kifuniko cha betri. Chumvi ya kijani ni dalili mbaya. Lakini usikate tamaa mbele ya kamera ya Canon AE-1 isiyolia kabisa, maana shata yake ni ya umeme na haipigi bila betri ya volti 6. K1000 hupiga bila betri yoyote. Kidonge chake cha LR44 ni cha sindano tu, na kwa kuwa haina swichi, ifunike lenzi kila unapoiweka chini, la sivyo kidonge kitakwisha. Wenye kamera ya Zorki 4 wakumbuke: sogeza filamu kwanza, badilisha kasi baadaye. Kinyume chake huvunja.

Filamu nyeusi na nyeupe unaweza kuisafisha mwenyewe nyumbani, na tunawahimiza walimu wa vilabu vya shule wajaribu. Kinachohitaji giza ni kuivingirisha kwenye roda, gurudumu linaloishika ndani ya tangi, na kufunga tangi tu. Mfuko wa giza unatosha. Filamu ya HP5 Plus ndani ya dawa ya kwanza, ile ya kutoa picha, aina ya ID-11 isiyozimuliwa inataka dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Tumia kipimajoto, usikisie kwa kidole: kwa nyuzi 24 muda unashuka hadi kama dakika 5. Pindua tangi mara nne mwanzoni mwa kila dakika, kwa utulivu, kisha ligonge mezani ili mapovu ya hewa yaondoke. Kulitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi huacha michirizi mbele ya kila tundu la pembeni mwa filamu. Baada ya hapo dawa ya kusimamisha kazi ya ile ya kwanza, kisha ya kukazia kwa dakika 3 hadi 5. Kujua kama ya kukazia bado hai, itumbukizie kipande cha ulimi ulichokata: hesabu muda wa kipande kuwa angavu na uuzidishe mara mbili, huo ndio muda wako. Kipande kingine kikitumbukizwa kwenye dawa ya kwanza penye mwanga kinapaswa kuwa cheusi. Ukifanya majaribio hayo mawili kabla, hutapata ile filamu isiyo na namba pembeni.

Na mgao wa maji usiwe kisingizio. Huhitaji bomba la kutiririka nusu saa. Jaza tangi, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua 10, mwaga. Jaza, pindua 20, mwaga. Tangi la filamu moja huchukua karibu mililita 300, kwa hiyo lita moja inatosha. Dawa ya kukazia iliyotumika ina fedha ya madini. Usiimwage kwenye mtaro unaopita mbele ya nyumba za watu.

Filamu za sinema zilizokatwa na kutiwa upya kwenye mikebe ya picha zinahitaji onyo. Nyingine bado zina tabaka jeusi mgongoni, ambalo likiingia kwenye mashine ya kawaida ya rangi huchafua dawa na filamu za wateja wengine. Mteja aseme mapema ametumia filamu gani. Na anayesafiri aombe filamu zake zikaguliwe kwa mkono katika uwanja wa ndege wala asiziweke kwenye sanduku la mizigo. Mashine mpya za ukaguzi zinaweza kuziharibu kwa kupita mara moja.

Kwa wenye studio tuna ombi moja. Mrudishieni mteja negativu zake zote, hata zilizotoka tupu, zikiwa kwenye bahasha safi, na msizikate chini ya picha nne nne. Wengine humtumia mteja picha kwenye simu na kuzitupa. Mpiga picha Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi, aliuawa mwaka 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra nchini Nigeria. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuja kupatikana miongo kadhaa baadaye ikiwa imehifadhiwa katika gereji hapa hapa Nairobi. Na kwa mteja ambaye filamu yake haikutoka, hizo negativu tupu ndizo zitakazomwonyesha, kwa namba zilizo pembeni, akarekebishe nini kwenye filamu inayofuata.

Wapiga picha na mafundi wa kamera za filamu,
Nairobi.